Filta za tangi la maji chumvi: ipi inatoa uchafu kweli na ipi inauficha tu

Wakuu, leo nataka niongelee filta za tangi la maji chumvi, aina kwa aina, maana kila anayeanza anauliza swali lilelile la "ninunue filta gani" na anachojibiwa ni jina la kampuni na lita zilizoandikwa kwenye boksi, basi. Hizo lita za kwenye boksi hazikusaidii kama hujajua kifaa chenyewe kinaufanya nini uchafu. Mimi nimeshatumia karibu kila aina nitakayoitaja hapa, nyingine ziko kazini mpaka sasa, nyingine nilishazitoa, na kipimo changu siku hizi ni kimoja tu: uchafu ukishaingia kwenye hiyo filta, unatoka kwenye maji au unabaki humohumo unaendelea kuozea ndani? Ukilishika hilo swali, hata ukutane na kifaa ambacho hujawahi kukisikia utajua pa kukiweka.

Twende taratibu kidogo. Samaki anakula, anakunya, na amonia nyingine inamtoka moja kwa moja kwenye matamvua, chakula kinachobaki nacho kinaoza kinaongeza amonia. Bakteria wa kundi la kwanza wanaigeuza amonia kuwa naitraiti, wa kundi la pili wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, na hapo ndo filta nyingi zinapoishia. Naitreti haiui samaki haraka kama hao wawili wa mwanzo ila haiendi popote, inapanda tu wiki hadi wiki, mwani unanenepa, matumbawe yanapoteza rangi. Alafu maji chumvi yana ugumu wake ambao mtu aliyetoka kwenye maji baridi haujui: pH yake inakaa 8.1 mpaka 8.4, na pH inavyozidi kupanda ndo sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile aina yenye sumu kali, na oksijeni yenyewe inayeyuka kidogo zaidi, kwenye nyuzi 25 maji baridi yanabeba kama miligramu 8.2 kwa lita wakati maji ya chumvi ya 35 kwa elfu yanabeba kama 6.7 tu. Kwaiyo nafasi ya kufanya mambo kizembe ni ndogo. Uchafu ukitolewa kabla haujaoza unakuwa umeshinda nusu ya vita, sio kusubiri bakteria waje wausafishe.

Naanza na kanista kwa sababu ndo watu wengi wanakimbilia. Kanista ni lile pipa linalokaa chini ya tangi, maji yanashuka kwa bomba, yanapita kwenye sponji, kwenye vigae vya kauri, labda na kaboni, yanarudishwa juu na pampu. Kwenye maji baridi ni kifaa kizuri sana, sina ugomvi nacho, Eheim za Kijerumani zinadumu miaka na miaka na hazina kelele. Lakini kwenye maji chumvi angalia kinachotokea: kinyesi kinanaswa kwenye sponji, maji yanaendelea kupita juu yake masaa 24, bakteria wanakifanyia kazi, na kinachotoka ni naitreti. Macho yanakwambia maji ni meupe kwa sababu vichembe havionekani, kumbe vyote viko mle ndani ya pipa vinaloweka. Fungua kanista ambayo haijaguswa mwezi mzima uone, sponji ya kwanza inakuwa na tope la kahawia limejaa kila tundu, ukiikamua kwenye ndoo maji yanageuka kama ya mtaro, na hayo ndo maji ambayo samaki wako alikuwa anaishi nayo. Ukitaka kuitumia kwenye chumvi inabidi uifungue kila wiki, sana sana wiki mbili, usuuze sponji kwa maji ya tangi uliyoyatoa na sio ya bomba maana klorini inaua bakteria, ufunge tena, utoe hewa, uhakikishe haivuji kwenye mpira. Ni watu wangapi wanaweza hiyo kazi mwaka mzima? Ndo maana naitreti inawashinda alafu wanalaumu chumvi waliyonunua.

Matumizi ambayo mimi naikubalia kanista kwenye chumvi ni kutoa sponji na kauri zote, ukaweka kaboni tu au dawa ya kunyonya fosfeti, ikawa kama chumba cha kupitishia maji. Hapo inafanya kazi nzuri hata kwenye tangi lisilo na sampu, yaani lile tangi la pili la chini ya kabati nitakalolieleza mbele.

Filta ya kuning'iniza mgongoni mwa tangi ina tatizo hilohilo ila dogo zaidi, kwa sababu mle ndani unaona na kusafisha ni dakika tano, unatoa sponji unasuuza unarudisha. Kwa tangi dogo la samaki wawili watatu naisifia kabisa, na zile zenye chumba kikubwa kama AquaClear watu wanaweka taa ndogo na mwani ndani wanapata sehemu ya kuoteshea mwani bila gharama kubwa. Filta za chini ya changarawe ndo sizishauri kwa mtu yeyote anayetaka tangi la chumvi siku hizi. Uchafu unavutwa chini ya mchanga, huuoni, hufikii kuusafisha, na siku ukitaka kuutoa inabidi ubomoe tangi zima.

Sasa skima. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kifaa ambacho ungeniambia nichague kimoja ningechagua hicho, na ndo kifaa ambacho watu wanakinunua vibaya kuliko vyote.

Skima inafanya kazi hivi: pampu inavuta maji na hewa kwa pamoja, inayapiga mpaka yanakuwa povu la vipovu vidogo vidogo sana kwenye mwili wa skima, na zile protini na mafuta yaliyoyeyuka kwenye maji yanapenda kung'ang'ania pale maji na hewa vinapokutana, kwaiyo yananata kwenye vipovu, povu linapanda shingoni, linazidi kukauka linavyopanda, linamwagikia kwenye kikombe. Unachukua kikombe unamwaga chooni. Uchafu umetoka. Haujaoza bado, haujawa amonia wala naitreti, umetoka kabisa kwenye maji, na hicho ndo kitu ambacho kanista haiwezi hata uinunue kubwa kiasi gani. Na inafanya hivyo kwenye chumvi tu kwa sababu kwenye maji ya chumvi vipovu vinabaki vidogo na haviungani haraka, kwenye maji baridi vinaungana vinakuwa mapovu makubwa vinapasuka, ndo maana huoni skima kwenye matangi ya maji baridi ya nyumbani. Faida ya pili watu hawaisemi sana, hewa yote ile inayopigwa mle ndani inaongeza oksijeni kwenye maji usiku na mchana, na nimeshakwambia chumvi haina oksijeni ya kumwaga.

Ukiona kikombe mara ya kwanza utashangaa. Kinachoingia ni maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, wakati mwingine karibu nyeusi, na yananuka mno. Kama yanatoka meupe kama mkojo basi skima imewekwa ilowe sana, inatoa maji mengi uchafu kidogo, shusha kiwango cha maji ndani ya mwili wa skima kidogo. Kama shingo imejaa utando mzito lakini kikombe kikavu basi imewekwa ikavu sana, pandisha. Mimi naipenda iliyo katikati ikielekea kulowa kidogo, unapoteza maji ya chumvi zaidi ila unatoa vingi zaidi.

Na shingo ndo siri yenyewe. Ule utando wa mafuta unaojijenga ndani ya shingo unazuia povu kupanda, ukiuacha wiki nzima skima inaunguruma inakula umeme na haitoi kitu. Kila siku mbili tatu toa kikombe, pitisha kitambaa au brashi laini ndani ya shingo, suuza, rudisha, kazi imeisha kabla hata maji ya kuoshea mikono hayajapata moto. Ndo maana nikiangalia skima dukani kitu cha kwanza nachojaribu ni kutoa kikombe: kinatoka kwa kuzungusha robo tu au kuna skrubu nne? Ukikuta skrubu nne achana nayo, hutaiosha. Kitu cha pili natafuta mpira wa hewa, ule mrija mdogo unaoingiza hewa, kwa sababu chumvi inakauka pale inapokutana na hewa inaziba taratibu, siku moja unaona povu limekuwa kidogo bila sababu. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu kidogo kwenye mrija pampu ikiwa inazunguka, unasikia sauti inabadilika inafunguka yenyewe. Kila miezi mitatu minne toa pampu nzima, loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji, chokaa inayeyuka, feni inakuwa kama mpya.

Kuhusu ukubwa. Boksi likikwambia "mpaka lita 500" elewa hilo neno mpaka, ni kwa tangi lenye samaki wachache wanaokula kidogo. Kama una samaki wengi wanaokula vizuri, igawe namba hiyo kwa mbili ndo upate ukweli. Lakini pia usinunue jitu la lita 2000 ukaliweka kwenye tangi la lita 200, halitapata protini ya kutosha kujenga povu imara, litakuwa linatoa leo kesho halitoi, utahangaika kulirekebisha bila sababu. Chukua iliyozidi kidogo tu.

Aina za pampu, hizi za feni yenye vijiti vijiti ndo zimetawala soko na kwa haki kabisa, zinakata hewa vipovu vinakuwa laini kama maziwa na umeme zinakula kidogo. Reef Octopus wanatengeneza hizo vizuri na vipuri vyake vinapatikana, na hilo la vipuri nitalirudia. Kwa mwenye tangi lisilo na sampu, Tunze wana skima ndogo zinazokaa ndani ya tangi lenyewe zimeshikwa na sumaku kwenye kioo, zinavuta na utando wa juu ya maji pia, ukimya wake unanifurahisha sana. Zile za kuning'iniza nyuma ya tangi zinafanya kazi ila nazitazama kwa jicho kali, maana likitokea povu limefurika maji yanamwagikia sakafuni badala ya kurudi kwenye sampu, na kuna moja niliyowahi kuwa nayo, kampuni siitaji, kikombe chake kilikuwa hakikai vizuri kwenye mwili, ukikigusa tu povu linaruka pembeni.

Kingine cha kujua kabla hujairudisha dukani: skima mpya haitoi kitu siku za mwanzo, inaweza kwenda mpaka wiki mbili, kwa sababu plastiki mpya ina mabaki ya mafuta ya kiwandani na povu halishiki. Iache. Pia ukiingiza mkono wenye losheni kwenye tangi, au ukalisha chakula chenye mafuta, povu linakufa masaa kadhaa alafu linarudi lenyewe. Na ukiweka gundi ya matumbawe au dawa fulani fulani, linafanya kinyume, linafurika mpaka kikombe kinajaa ndani ya muda mfupi, kwaiyo siku hiyo zima au shusha kabisa. Watu wengi wanazungusha zungusha kile kirekebishaji kila saa kumbe skima haina tatizo, ungeiacha siku moja ingetulia.

Tukitoka hapo, filta ya pili kwa umuhimu wala haina plagi. Ni mawe. Mawe hai, au mawe makavu yenye vitundu uliyoyaacha yakajaa bakteria, yanabeba bakteria wa oksijeni juu yake na ndani kabisa, kule oksijeni isikofika, kuna bakteria wengine wanaochukua naitreti wanaigeuza kuwa gesi ya naitrojeni inayotoka hewani. Hiyo ndo njia pekee ya bakteria inayoimaliza kabisa safari ya uchafu. Watu wa Berlin waliishika hiyo kitambo, mawe hai pamoja na skima yenye nguvu na mzunguko mkubwa wa maji, mpaka leo unaitwa mfumo wa Berlin na mimi bado naona haujapata mpinzani kwa mtu wa nyumbani. Ukinunua mawe chukua mepesi yenye matundu, jiwe zito lililoshikana ni mapambo tu. Alafu usiyapange kama ukuta, acha maji yapite katikati na nyuma yake, maana uchafu ukilala nyuma ya mawe hakuna filta itakayoufikia. Hapo ndo zinaingia pampu za mawimbi ndani ya tangi, jumla yake zisukume kama mara 20 ya ujazo wa tangi kwa saa na kwenda juu ukiwa na matumbawe magumu, kazi yake ni kuunyanyua uchafu uende kwenye filta.

Subira inahitajika hapa, mawe makavu yanachukua kama wiki 3 mpaka 6 au zaidi kabla amonia na naitraiti hazijasoma sifuri, na hakuna filta ya bei yoyote itakayokuruhusu kuweka samaki wengi siku ya kwanza.

Sampu nayo. Ni tangi la pili chini ya kabati, maji yanashuka kwa ovafloo, yaani yanamwagikia yenyewe kwenye tundu la juu, yanapita vyumba, yanarudishwa na pampu. Nani anaihitaji? Kuanzia lita 150 hivi kwenda juu mimi nasema iweke kama kabati linaruhusu, kwa sababu skima, hita, kaboni, vyote vinajificha huko na ujazo wa maji unaongezeka. Ila kabla hujanunua piga hesabu moja ambayo wauzaji hawakupigii: umeme ukikatika maji mangapi yanashuka? Tangi la urefu wa sentimita 100 na upana wa 50, maji yakishuka sentimita 3 tu hizo ni lita 15. Bomba la kurudishia likiwa limezama sentimita 10 chini ya maji na halina tundu la kuvunja mvuto, unashusha lita 50 kwenye sampu, na sampu nyingi za dukani hazina nafasi hiyo. Zima pampu mwenyewe kwa makusudi siku ya kwanza ukiwa umesimama pale unaangalia, weka alama kwenye kioo. Angalia pia chumba cha skima kiwe na ukuta unaoshikilia maji kwenye kina kilekile muda wote, skima nyingi za sampu zinataka kama sentimita 18 mpaka 23 na mtengenezaji anaandika ngapi hasa, kina kikipanda na kushuka kila maji yanapokauka basi skima nayo itakuwa inapanda na kushuka. Na pampu ya kurudishia ukisoma lita 3000 kwa saa kwenye boksi jua ni pale isipopandisha maji popote, ikipandisha mita moja na nusu na kona za mabomba namba inashuka sana, kwaiyo tazama ule mchoro wa nguvu na kimo, Sicce wanauweka wazi kwenye pampu zao. Maji kupita kwenye sampu mara 3 mpaka 5 ya ujazo wa tangi kwa saa yanatosha kabisa, ukizidisha sana unapata kelele na vipovu tu.

Kwenye mdomo wa sampu watu wanaweka soksi za kuchujia, zile mfuko wa kitambaa wa maikroni 200 au 100. Napenda jinsi zinavyokamata kila kitu. Ila zinarudi kwenye lile swali langu la mwanzo, soksi ambayo haijabadilishwa siku 3 au 4 imekuwa kanista ndogo, uchafu upo pale maji yanapita juu yake. Kuwa nazo nyingi, zioshe kwa maji moto bila sabuni, badilisha. Kama huna huo muda basi kuna hizi filta za rola, kitambaa cha kwenye mzingo kinachojisogeza chenyewe kikichafuka, kipande kichafu kinajiviringisha nje ya maji. Red Sea wana ReefMat, D-D wana Clarisea. Kwa kipimo changu hizi zinapata alama za juu sana, karibu na skima, kwa sababu kinyesi na chakula vinatoka majini vikiwa bado vipya. Ubaya wake ni kwamba mzingo unaisha lazima ununue mwingine, na skima itapungua kutoa kwa sababu vingi vimeshakamatwa mbele yake, usishtuke ukaona imeharibika.

Kaboni naikubali sana na ni kitu rahisi kuliko vyote. Inatoa ule umanjano wa maji, inatoa harufu, na inatoa sumu ambazo matumbawe laini yanarushiana. Ukitaka kujua kama unaihitaji weka karatasi nyeupe upande mmoja wa tangi uitazame kupitia urefu wote wa maji kutoka upande wa pili, ukiona imekuwa ya njano basi ndo hivyo. Isuuze mpaka ule unga mweusi uishe, weka kwenye mfuko pale maji yanapopita kwa nguvu, badilisha kila wiki 3 au 4. Dawa ya fosfeti, zile chembe za kahawia za chuma, hiyo nenda nayo polepole. Inanyonya haraka mno na matumbawe yaliyozoea fosfeti ya juu yakishushiwa ghafla yanaungua ncha. Anza na robo ya kiasi kilichoandikwa, pima, ongeza. Na wala usikimbize sifuri, naitreti ya 2 mpaka 10 na fosfeti ya 0.03 mpaka 0.1, zote miligramu kwa lita, ndo naona matumbawe yanafurahi, ukifika sifuri kabisa kwenye zote mbili unakaribisha dainoflajeleti, ile kamasi ya kahawia yenye vipovu, kuitoa ni shughuli nzito.

Mwani kwenye chumba cha sampu, hasa chaeto ule wa nyuzinyuzi, huo naupenda kwa moyo wote. Unakula naitreti na fosfeti unakua, unakata nusu unatupa, uchafu umetoka majini ukiwa jani. Washa taa yake usiku wakati taa za tangi zimezimwa, pH haishuki sana alfajiri.

Taa ya UV sitaiongelea kirefu. Inaua vilivyo hai vinavyoelea vikipita karibu na mwanga wake wa nanomita 254, kwaiyo maji ya kijani yanaisha na bakteria wanaoelea wanapungua, maji yakipita polepole ndo inafanya vizuri. Ila haiponyi madoa meupe ya Cryptocaryon kama muuzaji anavyokuahidi, yule mdudu muda mwingi yuko ndani ya ngozi ya samaki au amejifungia kwenye mchanga, UV inakamata wale wachache wanaoogelea tu. Taa yake inachoka baada ya miezi 9 mpaka 12 hata kama bado inawaka. Ninunue? Baadaye, ukiwa na vingine vyote. Ozoni kwa tangi la nyumbani naona haina haja.

Alafu kuna filta ambayo haigusi tangi kabisa na watu wanaiweka mwisho wakati inatakiwa iwe mwanzoni: mashine ya RO/DI ya kusafisha maji kabla hujachanganya chumvi. Maji ya bomba yanakuja na naitreti yake, fosfeti yake, silika, shaba, klorini au kloramini, kwaiyo unaweza kuwa na skima bora duniani huku kila ukiongeza maji kufidia yaliyokauka unaongeza uchafu mpya, na maji yanakauka yanaacha vitu nyuma kila siku. Mashine nzuri ina hatua nne, ya kunasa mchanga na tope, ya kaboni, utando wenyewe wa RO, na mwisho resini ya DI, na mita ya TDS, ile inayopima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, inatakiwa isome 0. Kaboni ya mbele ibadilishe kwa wakati maana klorini ikifika kwenye utando inauharibu, na kama maji ya kwenu yanawekwa kloramini tafuta kaboni iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Jua tu kwamba inamwaga lita 3 au 4 kwa kila lita moja nzuri, hayo ya kumwagwa fulia au deki.

Kwa tangi dogo kabisa, chini ya lita 80 hivi, mimi sikushauri hata ununue skima. Skima ndogo ndogo nyingi zina pampu dhaifu na kelele. Weka mawe mazuri, filta ya kuning'iniza yenye kaboni na sponji unayosuuza kila wiki, alafu badilisha maji asilimia 10 mpaka 15 kila wiki kwa maji ya RO/DI, kwa ujazo huo ni ndoo moja tu na umetoa uchafu wote uliotakiwa kutoka. Kuanzia 100 na kitu ndo skima inaanza kulipa, na hela yako iende kwa mpangilio huu, RO/DI na mawe, pampu za mawimbi, skima, kaboni, ukishavuka 150 sampu, rola au mwani, mengine yasubiri. Mtu akija na bajeti ndogo akaniuliza akate wapi, namwambia akate kwenye taa na mapambo, matumbawe magumu yasubiri mwakani.

Ukinunua kilichotumika, skima za mtumba ni dili zuri kwa sababu mwili wa akriliki hauchakai, ila geuza uangalie gundi kwenye viungo kama ina nyufa nyeupe, toa feni ya pampu uone vijiti vyote vipo na sumaku haijavimba, ikivimba itakwama. Muulize muuzaji kama hicho kifaa kiliwahi kukaa kwenye tangi lililotibiwa kwa shaba, hasa mabomba, kauri na mawe, maana shaba inang'ang'ania humo na inaua kamba, konokono na matumbawe kwa kiwango kidogo sana ambacho samaki hata hakioni. Mawe yaliyopita kwenye shaba usichukue hata ukipewa bure.

Na hapo dukani kabla hujalipa, iwe kampuni kubwa au ndogo, uliza kitu kimoja: feni ya hii pampu na mpira wake vinauzwa peke yake? Wakikujibu vinauzwa wakakuonyesha na kipakiti chake kwenye rafu, chukua na hicho kipakiti siku hiyohiyo.